Kikokotoo kwenye Hesabu ya kidato cha nne

Umeuliza kama mdogo wako anaruhusiwa kuingia na kikokotoo kwenye mtihani wa Hesabu wa kidato cha nne. Hapana, hakiruhusiwi. Soma maelekezo ukurasa wa kwanza wa karatasi yoyote ya karibuni ya NECTA, Baraza la Mitihani: majedwali ya hisabati ruksa, vikokotoo na simu marufuku. Kwa hiyo huyo mdogo wako anayefumua maswali magumu ya sehemu B ya mtihani kwa kikokotoo anajidanganya tu. Wanangu wa tuisheni hapa Isevya, Tabora, njia ya swali wanaijua, wanakwama kwenye kutafuta log (logariti) ya 0.0354 kwa jedwali. Mstari wa 35, safu ya 4, wanapata 5490 vizuri kabisa, halafu ile 2 yenye kistari juu (yaani hasi 2) inayokaa mbele ya desimali wanaisahau, swali zima linaenda na maji. Somo la Hisabati ya Ziada (Additional Mathematics) ni habari nyingine, huko kikokotoo kisichopangiwa programu kinaingia.