Upepo Umejaa, Breki Hazipo

Dereva mmoja anayebeba kokoto kwenda Mtumba ameniandikia: "Fundi, shikamoo. Geji inaonyesha upepo umejaa, pedali iko vilevile, ila tipa inachelewa kusimama. Bosi anasema nipunguze mwendo tu."

Marahaba, mdogo wangu. Jibu la bosi wako nalijua, maana ndilo lililonitoa kazini.

Tulikuwa kwenye barabara ya mzunguko wa nje ya Dodoma, tipa zinapanga foleni alfajiri kusubiri kifusi. Kulikuwa na moja sikuipenda tangu nilipoiona inavyosimama. Nikaweka mawe kwenye tairi, injini imezimwa, upepo kama psi 100, hendibreki imeachiwa. Nikaingia chini na chaki. Nikaweka alama kwenye fimbo ya busta (busta ni kopo la upepo linalosukuma fimbo ya breki ya gurudumu) pale inapotokea, nikamwambia utingo akanyage pedali mpaka mwisho aishikilie. Rula ikasoma milimita 60 kushoto, 58 kulia. Ile ni busta ya saizi ya 30/30 ya kawaida, si ya fimbo ndefu, na kikomo chake ni milimita 51. Fimbo yenyewe inagota kwenye kama 64. Sasa pakia mchanga, teremka, dramu lipate moto litanuke: fimbo inafika mwisho, lainingi (zile zinazosugua dramu kusimamisha gurudumu) hazisukumwi tena, na wewe umekanyaga pedali yote.

Nikaandika kwenye daftari: lisitoke. Forman akaniuliza mbona jana limefanya kazi. Nikamwonyesha chaki. Hakuinama hata kutazama. Kabla ya saa sita gari lilikuwa njiani na dereva mwingine, na mimi nimeambiwa nirudishe vifaa. Dereva wa kwanza, aliyekataa kulipanda baada ya kuona rula, leo ana gari lake mwenyewe na hampi fundi mwingine. Hilo najivunia. Lile la kutoinama bado linaniuma.

Ndugu zangu, breki za upepo hazikuambii kitu mguuni. Kwenye gari dogo pedali ikizama unashtuka. Kwenye tipa, lainingi ziwe mpya au zimekwisha, mguu unahisi kilekile, na geji inapima upepo wa kwenye tangi, haipimi breki. Halafu Dodoma kwetu ni tambarare. Gari bovu linafanya kazi miezi mingi bila kujulikana, mpaka siku linapotumwa Iringa likakutana na mteremko wa Nyang'oro. Kwa hiyo pima. Usisikilize mguu, pima kwa rula, gurudumu moja moja.

Fimbo ikitoka mbali na adjasta, mkono unaopokea msukumo wa fimbo na kurekebisha nafasi ya breki, ni ya kujibana yenyewe, usiikaze kwa spana ukaondoka. Kuna kitu kimekufa: adjasta yenyewe, bushi za kemu (shafti inayotanua shuu), au lainingi zimekwisha. Tazama lainingi katikati ya shuu, chuma kinachoibeba; ikikaribia milimita 6, agiza mpya, za pande zote mbili za ekseli. Na vumbi lililo ndani ya dramu usilipulize kwa kompresa. Lilowanishe kwanza. Lainingi za zamani nyingi zilikuwa na asbestosi, na mapafu hayauzwi dukani.

Mdogo wangu, andika vipimo kwenye daftari la gari pamoja na tarehe, piga picha rula ikiwa kwenye fimbo, mtumie bosi. Akikwambia tena upunguze mwendo, akuandikie.

Wenye shovo na greda, kwenu ni tofauti kidogo. Mitambo mingi ya siku hizi breki zake zimezama kwenye oili ndani ya ekseli, hakuna lainingi ya kuchungulia. Kama una kifuniko cha ukaguzi, pima kwa utaratibu wa kitabu cha mtambo huo. Kama huna, sikiliza ukelele na mtetemo wakati wa kukanyaga, na tazama oili ya ekseli: ikitoka nyeusi inanuka kuungua, sahani zinaliwa.

Na kwa vijana wanaojifunza gereji: busta ya spring, ile inayoshika hendibreki, msiifungue kifuniko, hata kama bosi anataka kuokoa hela ya kununua nyingine. Spring iliyobanwa mle ndani ikiruka inaua. Ikivuja, ifungwe kwa boliti yake ya kuzuia spring, ishushwe, iwekwe nzima mpya.