Protokali ya mapitio ya kimfumo: simama, sajili kwanza

Mdogo wangu nimekuelewa, uko Mbeya unasoma masta, supavaiza kataka mapitio ya kimfumo (systematic review, yaani kukusanya na kuchambua tafiti za swali moja kwa utaratibu uliopangwa) kuhusu upungufu wa damu kwa wajawazito na wewe umeshashusha makala kibao bila protokali (mpango ulioandikwa mapema wa jinsi utakavyofanya mapitio). Hujachelewa, ila usianze kutoa data (kunakili takwimu na matokeo) kwenye hizo makala, maana PROSPERO, ile rejista ya kusajili protokali za mapitio, ya Chuo Kikuu cha York kule Uingereza (ni bure), ukishafika hapo hawakupokei.

Kaa ubane swali kwanza, wajawazito gani, afua gani (tiba au hatua unayoipima), unalinganisha na nini, matokeo yapi. Hapo usikimbilie, mimi nikiwa Iringa nilikaa wiki tatu nabadilisha swali tu na ndo iliniokoa. Cheki pia kama kuna mtu keshasajili swali kama lako. Protokali ifuate PRISMA-P ya 2015 (mwongozo wa kuandika protokali), ina vipengele 17. Tafuta na mwenzio wa kuchuja nae makala, peke yako utapendelea bila kujua. Kama ni skopingi rivyu (mapitio ya kuangalia upana wa tafiti zilizopo) PROSPERO hawachukui, weka OSF (Open Science Framework, tovuti ya kusajili na kuhifadhi tafiti).

Mkutubi wa chuo apitie mkakati wako wa kutafuta, na kama utajumlisha matokeo kitakwimu muone mtaalamu wa takwimu kabla hujasajili.