Hasira ya Jioni Huanza Asubuhi

Barua za safari hii zinatofautiana maneno, lakini karibu zote zinauliza jambo moja: nikishikwa na hasira, hofu au tamaa, nifanye nini palepale? Nitajibu. Ila nawatahadharisha mapema kwamba majibu yangu mengi yatawarudisha nyuma saa kadhaa kabla ya hapo, kwa sababu ninavyoamini mimi, kujitawala ni kazi ya kupanga siku kuliko kazi ya kupambana na nafsi wakati damu imekwisha kuchemka.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wawili. Kila asubuhi najiapiza kwamba leo sitawafokea. Ikifika saa moja jioni mmoja amemwaga maji, mwingine hataki kuoga, na mimi nimeshapiga kelele hadi sauti imekauka. Wakilala nalia peke yangu. Nina kasoro gani?

JIBU: Mama, katika barua yako yote neno "nimechoka" halimo, lakini mimi nimelisoma katika kila mstari.

Naomba ufanye jambo moja kwa siku saba kabla hujajaribu kubadilisha chochote. Chukua daftari. Kila ukifoka, andika saa. Sababu iache kwanza, maana sababu itakuingiza kwenye kujilaumu au kuwalaumu watoto. Andika saa, kisha mambo matatu: usiku uliopita ulilala kwa saa ngapi, mara ya mwisho ulikula lini, na tangu uamke umepata dakika ngapi za kukaa kimya bila mtu kukuita. Nilipofanya zoezi hili mwenyewe niliona kwamba ukali wangu karibu wote uliangukia kati ya saa kumi na mbili jioni na saa mbili usiku, tena siku ambazo mchana sikuwa nimekula. Miaka yote nilikuwa nadhani nina moyo mbaya. Kumbe nilikuwa na njaa.

Usingizi ndio unaonitia wasiwasi zaidi kwako. Mwaka 2007 Matthew Walker na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti ambamo vijana wenye afya njema walikeshwa kwa takriban saa 35, kisha wakaonyeshwa picha za kuudhi huku ubongo wao ukipimwa. Amigdala, ile sehemu ndogo ya ubongo inayoshtuka mbele ya hatari, iliwaka kwa karibu asilimia 60 zaidi kuliko kwa wenzao waliolala. Mawasiliano yake na sehemu ya mbele ya ubongo, inayotuliza na kupima mambo, nayo yalikuwa yamelegea. Wewe hukeshi kiasi hicho, najua. Lakini mtu mzima anahitaji angalau saa saba, na mama anayeamshwa mara tatu usiku hazipati.

Kwa hiyo acha kiapo cha asubuhi na usogeze vitu. Kuoga kwa watoto kuje saa kumi na moja, kabla wewe na wao hamjaishiwa. Kula kitu kidogo kabla ya saa ile ngumu, hata kama chakula cha usiku kiko karibu. Ukitoka kazini, usiingie moja kwa moja kwenye kelele: kaa dakika tano nje au chumbani, badilisha nguo, kunywa maji, ndipo utoke kama mama. Kama kuna mtu mzima mwingine nyumbani, saa hiyo moja na aibebe yeye. Mweleze waziwazi kwamba hiyo ndiyo saa unayozama. Usisubiri akisie.

Na siku utakayofoka, kwa kuwa zitakuwepo, rudi kwa mtoto muda mfupi baadaye umwambie: "Nilikupigia kelele. Nilikuwa na hasira. Haikuwa sawa, samahani." Ishie hapo, bila kuongeza "lakini na wewe". Mtoto anayeona mtu mzima akirudi kutengeneza alichovunja anajifunza kujitawala kuliko anayehubiriwa.

SWALI: Rafiki yangu aliniambia nikikasirika nipige mto kwa ngumi ili hasira itoke. Mbona naona inazidi?

JIBU: Kwa sababu hasira si usaha, useme ukitumbua jipu utapata nafuu. Mtafiti Brad Bushman alilipima jambo hili mwaka 2002. Aliwaudhi wanafunzi, kisha baadhi yao wakapewa mfuko wa ngumi waupige huku wakimfikiria aliyewaudhi. Wengine walikaa kimya tu. Waliopiga ndio waliobaki na hasira zaidi. Hasira ndiyo uliyokuwa ukiifanyia mazoezi, na mwili hujua kile unachoufundisha.

Punguza joto la mwili badala ya kulichochea. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe polepole kwa hesabu ya sita au nane, kwa dakika mbili au tatu. Utoaji mrefu wa pumzi hupunguza mapigo ya moyo. Kisha taja hisia yako kwa jina halisi. "Nimekasirika" ni pana mno. Je, umedharauliwa? Umeonewa wivu, au ni wewe unayeona wivu? Umeogopa? Matthew Lieberman na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba mtu akiipa hisia jina, amigdala hupoa kidogo. Jizoeze pumzi hizi kila siku ukiwa mtulivu, labda ukisubiri maji yachemke. Ukizianza siku ya ugomvi hutazikumbuka.

SWALI: Shikamoo. Nina miaka 19. Kila mwanzo wa mwezi naweka ratiba: kuamka saa kumi na moja alfajiri, mazoezi, kusoma, kuandika shajara, kutofungua simu mpaka mchana. Siku ya tano naacha yote. Nasikia siku 21 zinatosha kujenga tabia, mimi sizifikishi hata mara moja.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hizo siku 21 zimewatesa wengi bure. Zinatokana na maneno ya Maxwell Maltz, daktari Mmarekani wa upasuaji wa sura, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuzoea sura zao mpya. Hakupima tabia ya mtu yeyote. Waliopima ni watafiti wa University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally. Waliwafuatilia watu 96, kila mmoja na tabia moja aliyoichagua, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Mtu wa katikati alihitaji siku 66 mpaka jambo lifanyike bila kulifikiria. Wepesi zaidi walichukua siku 18, na makadirio ya aliyekuwa mzito kuliko wote yalifika 254.

Na hili ndilo ninalotaka ulibebe: kuruka siku moja hakukuharibu safari yao. Wewe ukiruka siku moja unafuta mwezi mzima na kungoja tarehe mosi nyingine. Huko ndiko unakojiumiza.

Sasa ile ratiba yako. Umejiwekea mambo matano mapya kwa mara moja, na kila moja ni gumu. Chagua moja. Lifanye dogo kiasi kwamba hata siku una homa utaliweza, kisha ulifunge kwenye jambo ambalo tayari hulisahau. Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer amefanya kazi kwa miaka mingi kuonyesha kwamba azimio lenye umbo la "ikiwa hivi, basi vile" hutekelezwa zaidi kuliko nia tupu. "Nitasoma zaidi" huyeyuka. "Nikishapiga mswaki usiku, nitakaa mezani nisome kurasa mbili" lina saa, lina mahali, lina mlango wa kuingilia. Baki nalo mpaka uone unakaa mezani kabla hujajikumbusha. Hapo ndipo uongeze la pili. Kuamka saa kumi na moja kunaweza kusubiri kabisa, hasa kama unalala saa saba usiku.

SWALI: Bosi wangu hunisema mbele ya wenzangu. Nabana, natabasamu, namjibu "sawa". Nikifika nyumbani mke wangu akiniuliza jambo dogo namlipukia. Watu kazini wananisifu kwamba ninajua kujizuia. Je, ndiko kujizuia kwenyewe?

JIBU: Kaka, ulichofanya ni kufunika sufuria na kuibeba hivyo hivyo mpaka nyumbani. James Gross, aliyechunguza namna watu wanavyoongoza hisia zao, alitofautisha njia mbili. Moja ni kuficha: uso unatulia, lakini hisia yenyewe haipungui, mwili unaendelea kuchemka ndani, na hata kumbukumbu ya kilichosemwa wakati ule hudhoofika. Nyingine ni kulipa jambo maana tofauti mapema, kabla halijakushika.

Hiyo ya pili inafundishika. Kabla ya kikao, jiambie: "Huyu akipandisha sauti, anazungumza kutoka kwenye presha yake. Mimi nitachukua lenye kazi ndani yake, yaliyobaki nitayaacha mezani." Jaribu hata kujiita kwa jina lako unapojiambia hayo, kana kwamba unamshauri ndugu. Ethan Kross na wenzake wameona kwamba kujisemesha hivyo humpa mtu nafasi ya kutazama jambo kutoka mbali kidogo.

Lakini sitaki utumie ushauri wangu kuvumilia udhalilishaji. Hasira yako inasema kweli: kuaibishwa mbele za watu ni makosa. Omba kuonana naye faraghani, siku tulivu, ukiwa umeandika sentensi moja na kuizoea: "Nikikosea naomba uniambie tukiwa wawili, nitarekebisha haraka zaidi." Akiendelea, kuna ngazi nyingine za kupanda, na kutafuta kazi kwingine ni mojawapo.

Kuhusu nyumbani, weka desturi ya kufunga siku. Dakika kumi kabla ya kuondoka kazini, andika kilichokuuma na hatua moja ya kesho, kisha funga daftari. Sehemu ya njia itembee kwa miguu ukiweza. Ukifika, mwambie mkeo mapema: "Leo sikuwa na siku nzuri, si kwa ajili yako, nipe nusu saa." Nusu saa ikiisha, nenda wewe kwake. Nami nina desturi yangu: ujumbe wowote niliouandika kwa hasira usiku siutumi mpaka kuche. Nilishawahi kumpoteza mtu niliyempenda sana kwa ujumbe wa mistari mitatu uliotumwa saa tano usiku. Ulimi hauna mfupa, na kidole kwenye simu ndivyo hivyo hivyo.

SWALI: Kila usiku naahidi kuweka simu chini saa nne. Nalala saa saba. Sina nguvu ya kujizuia kabisa.

JIBU: Huhitaji nguvu, unahitaji umbali. Walter Mischel alipowapima watoto wa chekechea katika Chuo Kikuu cha Stanford, akiwaambia kwamba anayesubiri atapata peremende mbili badala ya moja, waliofaulu hawakuwa wakiikodolea macho kwa ujasiri. Walifumba macho, waliimba, walicheza na vidole. Peremende ilipofunikwa, kusubiri kulikuwa rahisi zaidi. (Wengi hutumia utafiti huo kutabiri maisha ya mtoto. Uchambuzi wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba hali ya familia ina sehemu kubwa katika hayo, basi usiutumie kumhukumu mtu.) Nchini Ujerumani nako, Wilhelm Hofmann na wenzake waliwafuatilia watu wazima kwa siku kadhaa, na wale wenye kujitawala sana ndio walioripoti mapambano machache na vishawishi. Maisha yao yalikuwa yamepangwa wasikutane navyo.

Chaji simu chumba kingine. Nunua saa ya mezani ya kukuamsha. Weka kitu kitandani kitakachochukua nafasi yake, hata kitabu cha zamani. Wiki ya kwanza mkono wako utaipapasa simu gizani, na hautaikuta.

SWALI: Nalala vizuri, natembea, naandika, nimefanya yote mnayoshauri. Bado kila kitu ni kizito, hata vitu nilivyovipenda. Nafanya nini vibaya?

JIBU: Hufanyi chochote vibaya. Uzito unaokaa zaidi ya wiki mbili, karibu kila siku, na kuondoa ladha ya mambo uliyoyapenda, unaweza kuwa sonona, na sonona hutibiwa. Nenda kituo cha afya, useme maneno haya haya uliyoniandikia. Kama mawazo ya kujidhuru yanakujia, nenda leo, na usibaki peke yako: mwambie mtu mmoja sasa hivi. Nasema hivyo pia kwa wanaoshindwa kuzuia mkono wao usimpige mtu nyumbani. Ratiba nzuri ni msaada, lakini hapo inahitajika pia tiba na watu wa kumlinda anayeumizwa.

SWALI: Nina miaka 68. Watoto wangu wanasema mimi ni mkali na wajukuu wananiogopa. Je, sijachelewa?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Hujachelewa. Tafiti za Laura Carstensen wa Stanford zinaonyesha kwamba watu wengi kadiri wanavyozeeka huongoza hisia zao vizuri zaidi kuliko vijana, basi umri haukupingi. Nakuomba uanze na mjukuu mmoja, saa moja ya siku, jambo moja mnalofanya pamoja lisilo na mtihani wala amri: kumwagilia mimea, kutembea mpaka kona na kurudi. Kila siku saa ileile. Akikosea, vuta ile pumzi ndefu kabla hujafungua kinywa. Na lile daftari la saa, nililompa mama wa watoto wawili, nawe ulichukue. Niandikie baada ya majuma mawili, uniambie ni saa gani imejirudia.