"Galore" ni "tele", na linakaa palepale

Ndugu, umeuliza kwa nini bango la dukani liliandikwa "bargains galore" na si "galore bargains". Bango halijakosea. Maana yake ni bidhaa za bei poa tele, kibao, kochokocho.

Kwa mahali pa kuliweka, sisi tumebahatika. Hatusemi "tele maembe", tunasema "maembe tele". Galore nalo hufuata nomino, ingawa vivumishi vingi vya Kiingereza hutangulia. Hiyo ni tabia ya kwao: limetoka kwenye Kiayalandi, "go leor", yaani kwa kutosha, na Kigaeli cha Uskoti kina neno hilohilo. Liliingia Kiingereza karne ya 17 na likabaki nyuma ya nomino. Kwamba "kutosha" kumegeuka kuwa "kufurika" kusikushangaze. Mtu wa Dar akikwambia leo kuna foleni ya kutosha, unajua kabisa hutawahi.

Ila kuna mtego, na mimi mwenyewe niliwahi kunasa. Kiswahili kinaruhusu "maembe yalikuwa tele", basi nikaandika "the mangoes were galore". Mwalimu akapiga mstari mwekundu. Sema "there were mangoes galore", au "we ate mangoes galore": nomino na galore viende pamoja, kitenzi kisiingie katikati.

Halafu ni neno la matangazo na soga. Kwenye barua ya kuomba kazi usiandike una "experience galore", utachekwa.