Siku ya tisa: maswali yenu kuhusu chawa kabla ya shule kufunguliwa

Kila Agosti ni yale yale. Nusu ya barua zilizofika kutoka Bukavu nzima, Kadutu, Ibanda na Bagira, zinaomba kitu kimoja: dawa kali. Dawa kali simpi mtu. Atakayesoma mpaka mwisho ataona kwamba chawa hawashindwi kwa ukali, wanashindwa kwa kuhesabu siku.

*Mwezi wa sita nilimpaka binti yangu losheni ya famasi. Chawa wakaisha, wiki tatu baadaye wakarudi. Losheni ilikuwa feki? — Mama, Kadutu*

Hawakurudi, mama. Hawakuondoka. Losheni ya permetrini ya asilimia 1 inaua chawa anayetembea, mayai hayaui. Yai limegandishwa kwenye unywele, karibu kabisa na ngozi, na huanguliwa baada ya siku 7 hadi 10. Kinachotoka ni kichawa kisichoweza kutaga. Kinahitaji siku 9 hadi 12 nyingine ili kikomae. Sasa hesabu. Ulipaka mara moja, mayai yakabaki, yakaanguliwa wiki iliyofuata, na kufikia wiki ya tatu majike mapya yalikuwa yanataga, kila moja hadi mayai 8 kwa siku. Ndiyo maana dozi ni mbili, na ya pili ni siku ya 9 baada ya ya kwanza: karibu wote waliokuwa ndani ya mayai wameshatoka na hakuna aliyefikia kutaga. Ukipaka Jumamosi, unarudia Jumatatu, si ile ya keshokutwa, ni ile ya juma linalofuata. Siku ya 3 ni mapema mno, siku ya 20 umewapa muda wa kutaga upya.

Kwa kuwa wengi wenu mnapaka vibaya hata hiyo dozi ya kwanza, nirudie. Osha nywele kwa shampoo isiyo na kilainishi, kwa maana kilainishi kinauvika unywele utando na dawa haishiki. Kausha kwa taulo, nywele zibaki na unyevu lakini zisichuruzike; zikichuruzika unaichanganya dawa na maji, na asilimia 1 inakuwa si 1 tena. Paka kuanzia kwenye ngozi kwenda nchani, na usikimbie nyuma ya masikio wala kisogoni, maana huko ndiko wanakojazana. Acha dakika 10 za saa, si za kukisia. Suuza mtoto akiwa ameinama juu ya beseni, macho yamefunikwa kwa kitambaa, kwa maji ya vuguvugu. Maji ya moto yanaifanya ngozi inywe dawa zaidi. Lita 5 zinatosha kichwa kimoja, kwa hiyo bidoni moja ya lita 20 inamaliza watoto watatu na mama yao siku hiyo hiyo. Baada ya hapo usioshe nywele kwa siku 2. Mtoto wa chini ya miezi 2 hapakwi.

Kisha, baada ya saa 8 hadi 12, kagua. Ukiona wachache wanaojivuta kwa shida, dawa inafanya kazi, waache, usiongeze. Wakikimbia kama jana, basi chawa hao wameizoea permetrini au chupa imepita muda wake. Hapo usipake tena ile ile. Uliza famasi losheni ya dimetikoni, ambayo si sumu: inamfunika chawa na kumziba, kwa hiyo hawezi kuizoea kirahisi. Muda wa kuiacha kichwani hutofautiana kwa kila chupa, soma kikaratasi. Na hiyo pia inarudiwa.

Shule zinafunguliwa mwanzoni mwa Septemba. Anayeanza tarehe 30 Agosti atapeleka darasani kichwa chenye mayai.

*Watoto wangu wanaoga ziwani kila siku, mbona chawa hawafi?*

Chawa anaweza kukaa ndani ya maji saa kadhaa akiwa ameshika unywele na kufunga vitundu vyake vya kupumulia. Ziwa Kivu halimsumbui.

*Kwetu hakuna uchafu kabisa. Chawa wametoka wapi? — Mama, Nyawera*

Wametoka kwenye kichwa kilichogusana na cha mtoto wako. Chawa haruki, hana mabawa, anatambaa tu. Anataka damu na joto, na kichwa kilichooshwa jana kinampa vyote viwili. Aibu hii ndiyo inayowafanya mfiche, na mkificha jirani hatibu wake. Swali hili nimelijibu kila mwaka.

*Dada yangu anasema petroli ya taa inamaliza chawa usiku mmoja. Jirani naye anatumia dawa ya kupulizia nyanya, anaichanganya na mafuta ya mawese. Kipi bora? — Mama, Bagira*

Hakuna kilicho bora hapo.

Petroli inachoma ngozi ya kichwa, hasa ile iliyokwanguliwa kwa kucha. Mvuke wake haungoji kuguswa na moto: mtoto aliyefungwa kitambaa chenye petroli akipita karibu na mbabula, au umeme ukikatika mkawasha mshumaa, kichwa kinashika moto kabla hujageuka. Na akiilamba au kuimeza kidogo ikaingia kwenye mapafu, mnahangaika na nimonia.

Dawa ya nyanya ni mbaya zaidi. Nyingi za aina hiyo zinaua wadudu kwa kuvuruga mishipa ya fahamu, na mishipa ya mtoto haina tofauti kubwa na ya mdudu. Ngozi ya kichwa ina damu nyingi na majeraha ya kujikuna. Mafuta ya mawese mnayoyaongeza ili "isichome" yanaisaidia sumu kupenya na kukaa. Mara nyingi inauzwa kwenye chupa ndogo isiyo na lebo, iliyopimwa kwa kizibo, na muuzaji mwenyewe hajui ni asilimia ngapi. Dawa ya mbu ya kopo la kupuliza iweke kwenye fungu hilo hilo.

Kama mtu ameshampaka, tazama haya: mate na machozi yanamwagika, jasho, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, kutapika, kuhara, misuli kurukaruka, pumzi nzito. Mvue nguo zote, mwoshe kichwa na mwili kwa sabuni na maji mengi huku umevaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, usimtapishe, usimpe maziwa, mkimbize hospitali na chupa yenyewe mkononi. Daktari akijua ni sumu gani, anajua aanze na atropini, dawa inayopinga baadhi ya sumu hizo, au la. Bila chupa anabahatisha.

*Binti amesukwa na meshi juzi tu, kwa bei kubwa. Naweza kupaka losheni juu ya misuko? — Mama, Ibanda*

Hapana. Dawa haifiki kwenye ngozi, na chini ya msuko ndiko kuna joto na giza. Fumua juu ya kitambaa cheupe uone kinachoanguka. Meshi hizo usizirudishe kichwani wala usimpe mdogo wake. Tibu, rudia siku ya 9, subiri wiki nyingine, ndipo umpeleke akasukwe kwa ajili ya shule. Na huko kwa msusi angalia kitu kimoja: kichana chenye mkia wa kugawia nywele kinatoka kichwa hiki kinaingia kile tangu asubuhi. Nenda na chako. Msusi akinuna, anune.

*Mvulana nimempeleka saluni akanyolewa namba moja. Imetosha?*

Namba moja inaacha nywele za milimita 3. Mayai hukaa ndani ya milimita 6 kutoka kwenye ngozi. Umekata nywele, mayai umeyaacha. Ukiamua kunyoa, mashine ipite bila kile kichana chake, iguse ngozi kabisa. Hapo chawa hana pa kushika na losheni huihitaji. Lakini wembe mmoja kwa watoto wote wa nyumba, hapana: tone la damu lisiloonekana linatosha kupitisha homa ya ini aina ya B, na virusi vya ukimwi pia. Msichana asiyetaka kunyolewa msimlazimishe. Kuna njia nyingine, nimeieleza chini.

*Nafundisha mwaka wa tatu wa msingi. Mkurugenzi anataka tuwarudishe nyumbani wote wenye mayai kichwani. Tutayatambuaje? — Mwalimu, Panzi*

Mwalimu, kutambua ni rahisi. Mba unaupuliza unaruka, yai halitoki hata ukilisukuma kwa ukucha. Limeshika unywele upande mmoja, dogo kuliko punje ya ufuta. Chawa mkubwa ndiye mwenye ukubwa wa punje ya ufuta. Yai lililo zaidi ya sentimita 1 kutoka kwenye ngozi ni ganda tupu au limekufa, kwa sababu nywele hukua takribani sentimita 1 kwa mwezi na hakuna yai linalongoja mwezi. Ukiona mviringo usio na nywele, wenye magamba, hayo ni mapunye: mtoto aende kituo cha afya apewe vidonge vya griseofulvini kwa wiki 6 au zaidi. Pomade peke yake haifiki kwenye mzizi wa unywele.

Kuwarudisha nyumbani ndiko nisikokubaliana nako. Mtoto anayepata chawa kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa. Siku unayoyaona mayai, ameshakaa na wenzake mwezi mzima. Kumfukuza Jumanne hakuokoi chochote, kunamwondolea masomo tu na kumpa jina baya uwanjani. Hata chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kinasema mtoto mzima wa afya asikoseshwe shule kwa sababu ya chawa au mayai. Mwite mzazi pembeni, mpe tarehe mbili za kupaka, basi. Na punguza watoto watatu kulazana vichwa juu ya kitabu kimoja, kama vitabu vinatosha.

*Chawa wa kichwa wanaleta tifusi?*

Anayeleta tifusi ni chawa wa mwili, yule anayeishi kwenye mishono ya nguo. Burundi hapo jirani mwaka 1997, kwenye kambi za watu waliohamishwa na vita, alisababisha mlipuko mkubwa. Yeye dawa yake ya kwanza ni kufua nguo kwa maji ya moto na kuzibadilisha. Familia inayolala na nguo zile zile wiki nyingi, ikawa na homa kali, kichwa kuuma na vipele, isimalize siku tatu nyumbani ikinywa dawa za malaria. Na msichanganye tifusi na tifoidi ya maji machafu.

*Vidonge vinavyogawiwa vijijini dhidi ya upofu wa mto, eti vinaua chawa pia?*

Vidonge hivyo ni vya ivermektini. Inawaua, ndiyo, lakini kwa kipimo cha uzito, mara mbili, na si kwa mtoto wa chini ya kilo 15 wala mama mjamzito. Mwenye minyoo ya Loa loa mwilini anaweza kupoteza fahamu. Kwa hiyo ni ya daktari. Ile ya sindano ya ng'ombe msiniulize tena.

*Nichemshe magodoro?*

Chawa aliyeanguka hafiki siku 2. Fua foronya, kofia na vitambaa vya kichwa vilivyotumika siku 2 zilizopita, godoro liache. Vichana viloweke dakika 10 kwenye maji ya zaidi ya nyuzi 55. Huku Bukavu, kwenye mita 1500 hivi, maji huchemka karibu na nyuzi 95. Changanya vikombe viwili vya yanayochemka na kimoja cha baridi, unapata kama 70, ya kutosha hata yakipoa kidogo.

*Sina pesa ya losheni kwa watoto watano. — Mama, Cimpunda*

Nunua kichana kimoja cha chawa, cha chuma, chenye meno yaliyobanana: tundu kati ya jino na jino lisizidi milimita 0.3. Cha plastiki kwenye nywele zetu kinavunjika meno siku ya kwanza. Lowesha nywele, paka kilainishi au mafuta ya kula mpaka ziteleze. Mafuta hayamuui chawa, yanamchelewesha asikimbie. Fungua kwanza kwa kichana cha kawaida, chenye meno mapana, la sivyo mtoto atalia na wewe utaacha katikati. Gawa vifungu vyembamba vya upana wa kidole, kila kimoja ukianza na meno yakigusa ngozi, vuta mpaka nchani, futa kichana kwenye kitambaa cheupe, tazama, rudia. Kichwa chenye nywele nyingi ni nusu saa, pengine saa nzima. Kaa mlangoni kwenye mwanga wa jua; kwa taa ya simu utawaacha wengi. Nywele zilizojikunja sana zikikataa kabisa kichana, zipunguze mpaka kikubali.

Fanya siku ya 1, ya 5, ya 9 na ya 13, bila kuruka hata moja. Siku ya 5 na ya 9 utatoa wadogo wadogo, ni sawa, ndio wanaoanguliwa. Siku ya 13 hupaswi kukuta chawa mkubwa kwenye kitambaa. Ukikuta mkubwa siku hiyo, na siku nyingine zote ulichana vizuri, huyo hakukulia kichwani kwa mtoto wako: mchane yule anayelala naye kitanda kimoja, halafu binamu aliyekuja likizo.