Maswali na Majibu: Kuwasaidia Walioteswa na Wakimbizi

Kaka yangu alipigwa nyayo akiwa seli. Twende polisi kwanza? Waliompiga ni askari wa kituo hicho hicho. (Kisumu)

Nendeni hospitali kwanza, leo. Uvimbe wa nyayo hupungua baada ya siku chache, na ukiisha daktari huenda akakosa cha kuandika ila maumivu. Kaka asiishie kusema "nilipigwa". Aeleze alipigwa kwa kifaa gani, wapi, na kwa muda gani, na aombe yote yaandikwe kwenye faili. Mpigeni picha leo, kesho na kesho kutwa, maana michubuko mingine huchelewa kujitokeza: kwanza mwili mzima uso ukionekana, kisha kwa karibu, rula ikiwa kando ya alama. Nguo zenye damu msizifue. Zianikeni kivulini, kila moja iingie mfuko wake wa khaki. Nailoni hushika unyevu, nguo ikaota ukungu na ushahidi ukaharibika. Namba ya OB (daftari la matukio la polisi) na fomu ya P3, ambayo daktari hujaza majeraha kwa ajili ya kesi, chukueni kituo kingine cha polisi. P3 ni bure, msikubali kutozwa. Kisha pelekeni malalamiko IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, wana ofisi Kisumu. Mateso ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia Mateso ya 2017, hata kama askari aliagizwa na mkubwa wake.

Jirani ni mama mkimbizi wa Burundi, anajua Kirundi tu. Bintiye wa miaka 12 humtafsiria kwa daktari. Ni sawa? (Nakuru)

Hapana. Mama atamficha mtoto mabaya aliyotendewa, na daktari atatibu nusu ya ugonjwa. Mtoto naye atabeba asichopaswa kusikia. Tafuteni mkalimani mtu mzima asiye wa ukoo, na mama aulizwe kwanza kama anamridhia: mkalimani awe mwanamume au mwanamke, na atoke upande gani kule kwao. Hofu ya mtu wa upande mwingine ni ya kweli, msiipuuze.

Mgeni wetu alibakwa siku nne zilizopita. Tumechelewa? (Busia)

Dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi huanzwa ndani ya saa 72, hizo zimepita. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba bado vinawezekana hadi saa 120, ingawa nguvu yake hupungua kila saa. Mpelekeni sasa hivi; majeraha, vipimo na magonjwa ya zinaa bado vinahitaji kushughulikiwa.

Baba hulala kitini karibu na mlango, hataki taa izimwe. Tufanyeje? (Kakamega)

Mwacheni, taa iwake. Akipiga kelele usingizini msimtikise, mwiteni jina mkiwa mbali. Akisema hataki kuishi, asiachwe peke yake, na afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.