Maswali Yenu: Bass wa Saguaro Lake kwa kayaki

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi ni mtu wa Uvira, Kongo, sasa naishi Phoenix, Arizona. Nimekulia kwa Ziwa Tanganyika, baba alikuwa anatoka usiku na taa kuvua ndagala, kasia nimeshika tangu mtoto. Juzi jirani ameniuzia kayaki ya plastiki bei ya chini kabisa, ile ya kukaa juu, nataka nianze kwenda Saguaro Lake kuvua bass na kijana wangu wa miaka 9. Nianzie wapi? Na hao samaki wanaliwa?
Baba wa watatu, Phoenix

JIBU: Ndugu yangu, ziwa ulilochagua ni zuri mno, maji katikati ya jangwa, mawe yamesimama wima na makaktasi marefu mpaka karibu na maji, ukifika alfajiri utakaa kwanza uangalie tu. Ila si ziwa kama lile la kwenu. Ni maji yaliyozuiwa na bwawa la Stewart Mountain lililomalizika 1930, na ni la mwisho kati ya manne yaliyofuatana kwenye Mto Salt, Roosevelt liko juu, halafu Apache, Canyon, ndo Saguaro. Kwa hiyo ni jembamba, limejikunja kwenye korongo. Spidiboti ikipita, wimbi linagonga ukuta wa mwamba linarudi, linakutana na lingine, na wewe kwenye kayaki unatupwa huku na huku hata kama hakuna upepo. Wikendi mchana ni fujo tupu.

Raha yake ni kwamba bass hakulazimishi uende katikati. Largemouth, ndo bass wa mdomo mkubwa utakayemvua hapo, ni samaki wa kuvizia, anajibanza kwenye kivuli cha matete, kwenye miti iliyozama, au pale mawe yanaposhuka ghafla kwenda kina, anangoja kitu kipite. Na kayaki haina kelele, inaingia mahali boti kubwa haithubutu. Basi kaa pembeni, samaki wako hapo na usalama wako uko hapo hapo. Anzia Butcher Jones, kuna ufukwe na kighuba kimetulia, kayaki unaishusha kwa mikono tu, na ukiwa na bahati utaona farasi wa porini wamekuja kunywa maji. Kibali cha kuegesha gari cha Tonto, msitu wa taifa ambamo ziwa limo, nunua kabla hujatoka nyumbani.

Chambo chukua nyungunyungu wa plastiki, ncha ya ndoano uifiche ndani ya plastiki isishike majani, mbele weka risasi ndogo ya kuzamisha. Rusha ukingoni mwa matete, acha kizame chenyewe huku mshipi umelegea kidogo, na macho yasitoke kwenye huo mshipi. Mara nyingi husikii kitu mkononi, unaona tu mshipi umeshtuka au unaenda pembeni taratibu, hapo ameshachukua, kusanya ulegevu haraka halafu inua rodi. Atavuta kayaki igeuke, iache igeuke, usiegemee upande mmoja kumfuata. Akifika mshike mdomo wa chini kwa kidole gumba, meno yake ni kama msasa, hakati.

Baridi ya kule ikiisha (wenyewe wanaita spring), maji yakifika nyuzi 15 hadi 18 hivi wanakuja kwenye maji mafupi kutaga, na dume ndo analinda kiota, ukimtoa wengine wanakula mayai, kwa hiyo naomba sana umrudishe hapo hapo. Kiangazi ingia majini jua halijachomoza na saa tatu asubuhi uwe umeshatoka, si unakumbuka 2023 Phoenix ilipiga siku 31 mfululizo za nyuzi 43 na zaidi! Kuanzia 15 Juni mpaka 30 Septemba ni msimu wa dhoruba, ukiona wingu linapanda nyuma ya mlima usiseme acha nirushe mara moja ya mwisho, toka, maana radi na wewe umeshika rodi juu ya maji wazi si mchezo.

Kuhusu kijana: kayaki ni ya kiti kimoja au viwili? Kama ni kimoja msipande wawili, tafuta ya viwili. Sheria ya Arizona, mtoto wa miaka 12 kushuka lazima avae laifu jaketi, mkubwa anatakiwa awe nayo tu chomboni, lakini wewe vaa, kujua kuogelea Tanganyika hakutakusaidia ukigonga kichwa kwenye mwamba. Leseni ya kuvua inaanza miaka 10, yeye bado, wewe kata kwa Game and Fish, idara ya wanyamapori na samaki ya jimbo, na kama umeshakaa Arizona miezi sita unalipa bei ya mkazi. Kayaki ya kasia haisajiliwi, ukifunga mota ndo unasajili.

Wanaliwa, na watamu. Angalia tu kanuni za ziwa lenyewe, wangapi na saizi gani. Mkubwa mzee mrudishe, samaki anayekula wenzake hukusanya zebaki mwilini kadiri anavyokua, na idara ya mazingira ya jimbo hutoa maonyo ziwa kwa ziwa, yasome hasa kama mama ni mjamzito. Kabla hujaenda ziwa lingine kausha kayaki kabisa, kuna kome wadogo wa quagga walioonekana Lake Mead 2007 na wanasambaa kwa vyombo vyenye maji.

SWALI: Niko Naivasha, bass tunavua hapa na nasikia walitoka Marekani. Nataka kununua kayaki niwe naingia kwenye mafunjo asubuhi, waonaje?
Msomaji, Naivasha

JIBU: Ni walewale largemouth, waliletwa mwishoni mwa miaka ya 1920, na wanapenda sana wale kamba wekundu wa maji baridi walioletwa 1970, kwa hiyo chambo cha rangi ya kahawia au nyekundu utaona kazi yake. Lakini kayaki kwenye mafunjo ya Naivasha nakukataza kabisa. Mchana viboko wanalala majini humo humo pembeni, na wewe umekaa sentimita chache juu ya maji, huwezi kumuona wala kumkimbia. Nenda na boti ya injini na mwenyeji anayejua asubuhi hiyo wamelala upande gani, urushe chambo kuelekea mafunjo ukiwa mbali.